Kutoka Tandahimba hadi darasa la Kijapani: Hesabu ya familia kabla ya safari

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, maamuzi mengi ya familia katika wilaya ya Tandahimba, mkoani Mtwara, huanza kuzungumzwa kwa sauti. Bati za nyumba, deni la salfa, ada ya mtoto aliyeko bweni, sherehe iliyoahirishwa mwaka jana: yote hayo husubiri mnada utasemaje na chama cha msingi kitalipa lini.

Katika orodha hiyo sasa linaweza kuingia jambo ambalo mababu hawakulijua, nalo ni safari ya kijana kwenda Japani kusoma lugha. Tangazo huja kwenye simu ya mkononi. Lina picha ya miti ya sakura iliyochanua, maneno machache kuhusu kusoma huku ukifanya kazi, na namba ya wakala chini yake.

Njia hiyo ipo kweli. Japani ina shule nyingi za lugha zinazopokea wageni, na zipo pia nafasi za ufadhili wa serikali yake ambazo Watanzania wamezitumia kwa miaka mingi. Lakini kati ya picha ya sakura na kiti cha darasani kuna hesabu, na hesabu hiyo familia ya mkulima wa korosho inaweza kuifanya yenyewe, mkekani, kabla ya kumpa mtu yeyote shilingi moja.

Kushuka kutoka uwandani

Tandahimba iko juu ya uwanda wa Makonde, kati ya Mtwara na Newala. Upande wa kusini uwanda huo unakatika na kushuka kuelekea bonde la mto Ruvuma, ng'ambo yake ikiwa Msumbiji. Pale Newala wenyeji wameupa mteremko huo mkali jina la Shimo la Mungu.

Juu ya uwanda maji ni ya shida. Udongo ni wa kichanga, mvua ikinyesha huzama chini, na kwa miaka mingi akina mama wameshuka mabondeni kuyafuata na kupanda nayo kichwani. Ndiyo maana nyumba nyingi hukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati. Mti unaoivumilia ardhi hiyo ni mkorosho, na mkorosho ndio benki ya wengi.

Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Tandahimba na Newala ina urefu wa kilomita 210. Kipande cha kilomita 50 kutoka Mtwara hadi Mnivata ndicho kilichotangulia kupata lami. Kijana anayetoka Tandahimba hushuka kwa njia hiyo hadi pwani, kisha hupanda basi la Dar es Salaam, safari ya kilomita zipatazo 560, kwa sababu ubalozi wa Japani uko huko.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam kwenda Tokyo. Wasafiri hupitia Doha, Dubai au Addis Ababa. Anayefika uwanja wa Narita na viza ya mwanafunzi hupewa kadi ya ukazi palepale, na akishapata mahali pa kuishi ana siku 14 za kuandikisha anwani yake katika ofisi ya manispaa ya eneo hilo.

Kuanzia siku hiyo saa za nyumbani na za kwake hazilingani tena. Japani iko mbele ya Tanzania kwa saa sita. Mama anapofungua mlango Tandahimba saa 12 asubuhi, mwanawe yuko saa sita mchana. Mtoto akitoka kazini saa tano usiku, nyumbani ni saa 11 jioni, na simu ya kila siku hupangwa kufuata tofauti hiyo.

Lugha ya nne

Watu wengi huanza kuogopa Kijapani kabla hawajakisikia. Mtoto wa Tandahimba ana sababu ndogo ya kuogopa kuliko anavyodhani. Nyumbani amelelewa kwa Chimakonde, shule ya msingi akasoma kwa Kiswahili, sekondari akafanya mitihani kwa Kiingereza. Kama upande mmoja wa familia ni Wamakua au Wayao, huenda ana lugha moja zaidi. Kujifunza kuishi katika lugha isiyo ya mama yake ni kazi aliyokwisha kuifanya mara mbili.

Sauti zenyewe ni rafiki. Kijapani kina irabu tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa karibu sawa na za Kiswahili. Silabi zake nyingi huishia kwa irabu kama zetu. Jina Makonde likiandikwa kwa herufi za katakana, ambazo Wajapani hutumia kwa majina ya kigeni, huchukua herufi nne: ma, ko, n, de. Tandahimba huchukua sita: ta, n, da, hi, n, ba.

Kinachowashinda wageni wengi ni urefu wa irabu. Kwa Kijapani, obasan ni shangazi, lakini obaasan, yenye a ndefu, ni bibi. Mwenye kujua tofauti ya kufa na kufaa hana haja ya kufafanuliwa zaidi. Kupanda na kushuka kwa sauti nako hubadili maana: hashi inaweza kuwa daraja au vijiti vya kulia chakula, kutegemea sauti inapopanda. Kiswahili hakina toni, lakini Chimakonde kinayo. Sikio lililolelewa na bibi anayezungumza Chimakonde limekwisha kuzoea kusikiliza sauti inavyopanda na kushuka ndani ya neno.

Chimakonde chenyewe kimeshasomwa vyuoni mbali na nyumbani. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kilipitisha tasnifu nzima ya sarufi ya Chimakonde cha Tanzania. Mzazi anayemkataza mtoto kuongea lugha ya nyumbani ili ajue za kigeni humnyang'anya mguu mmoja wa kusimamia.

Ugumu wa Kijapani uko kwenye maandishi. Mwanafunzi huanza na herufi 46 za hiragana na 46 za katakana, ambazo mwenye bidii huzimaliza ndani ya wiki chache. Baada ya hapo zinakuja kanji, alama zilizotoka China, ambazo kila moja hubeba maana yake. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina alama 2,136. Mtoto wa Kijapani huzisoma kuanzia darasa la kwanza hadi sekondari. Mgeni hutakiwa kuzikimbiza kwa miaka miwili.

Sentensi nayo hupinduka, kwa kuwa kitenzi hukaa mwisho. Mswahili husema "nasoma kitabu". Mjapani hutaja kitabu kwanza, kisha kusoma. Mtihani wa kupima uwezo una ngazi tano, kutoka N5 ya chini hadi N1 ya juu. Vyuo vingi vinavyofundisha kwa Kijapani hutaka N2 au N1, na hapo ndipo wengi waliotegemea kuingia chuoni haraka hukwama.

Jambo moja halitamshangaza mtoto aliyefundishwa kusema shikamoo. Kijapani kina namna ya kusema na mkubwa, namna ya kusema na mwenzako, na namna ya kujishusha unapojitaja. Mtu akirudi nyumbani husema tadaima, na aliye ndani humjibu okaeri, kama kwetu hodi inavyoitikiwa na karibu. Viatu huvuliwa mlangoni.

Milango miwili, bei mbili

Kuna njia mbili kuu za kuingia Japani kama mwanafunzi wa lugha, na familia nyingi husikia moja tu.

Ya kwanza ni ufadhili wa serikali ya Japani, unaotolewa na wizara yake ya elimu tangu mwaka 1954 na kufahamika kama MEXT. Kwa Tanzania maombi hupitia ubalozini Dar es Salaam, kwa kawaida katikati ya mwaka, na hakuna ada ya kuomba. Ngazi ya shahada ya kwanza huwalenga vijana walio chini ya takriban miaka 25 waliomaliza kidato cha sita, nao hufanya mitihani ya kuandika, yakiwemo hisabati na Kiingereza.

Anayefaulu hulipiwa ada na tiketi ya ndege, na hupewa yeni 117,000 kwa mwezi za kujikimu. Mwaka wake wa kwanza wote ni wa kujifunza Kijapani, kisha huingia chuo kikuu. Kwa hiyo shahada ya miaka minne humchukua mitano. Nafasi ni chache na ushindani ni wa nchi nzima, lakini atakayeshindwa hajapoteza shamba.

Njia ya pili ni kujilipia katika shule binafsi ya lugha. Shule ndiyo humwombea mwanafunzi cheti cha kustahili ukazi katika idara ya uhamiaji ya Japani, na bila cheti hicho ubalozi hautoi viza ya masomo. Mihula ya kuingilia ni Aprili, Julai, Oktoba na Januari. Kukaa katika shule ya lugha kuna kikomo cha miaka miwili.

Hapa kuna jambo ambalo limewahi kuwaacha watu njiani. Uhamiaji wa Japani kwa kawaida hutaka mwombaji awe amemaliza miaka 12 ya shule. Mtanzania aliyesoma miaka saba ya msingi na minne ya sekondari ana miaka 11. Aliyemaliza kidato cha sita ana 13. Wakala anayemwambia mzazi kwamba kidato cha nne kinatosha aulizwe, kwa maandishi, mwaka wa 12 utatoka wapi.

Shule nyingi hutaka pia ushahidi kwamba mwombaji amekwisha kuanza Kijapani, kwa kawaida saa 150 za masomo au cheti cha N5. Kujifunza huko hakuhitaji kuvuka bahari. Shirika la utangazaji la Japani, NHK, lina idhaa ya Kiswahili na masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili, ambayo mtu husikiliza bure kwenye simu. Chuo Kikuu cha Dodoma kimefundisha Kijapani. Mtihani wa N5 kwa Afrika Mashariki umekuwa ukifanyika Nairobi. Miezi sita ya kujisomea nyumbani, kabla ya kulipa chochote, huonyesha kama kijana anakitaka Kijapani au anaitaka ndege.

Tani tatu na nusu za korosho

Ada ya shule ya lugha kwa mwaka wa kwanza kwa kawaida huwa kati ya yeni 700,000 na 900,000. Yeni moja ikihesabiwa kwa shilingi 16, ada ya chini kabisa hapo ni shilingi milioni 11.2. Nauli ya ndege, kodi ya mwezi wa kwanza na nguo za baridi havimo.

Mkulima wa Tandahimba huielewa zaidi fedha hiyo ikirudishwa kwenye korosho. Katika msimu wa mwaka 2018, baada ya wanunuzi na serikali kuvutana kuhusu bei, serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Kwa bei hiyo, milioni 11.2 ni karibu kilo 3,400 za korosho ghafi, kama tani tatu na nusu.

Mkorosho ukizaa kilo 10, hiyo ni mikorosho 340. Ikiwa imepandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, shamba lake linafika ekari 12. Salfa, palizi, vibarua wa kuokota na makato ya ushirika havijatolewa hapo. Ni ada ya mwaka mmoja, na lugha huhitaji mmoja na nusu hadi miwili.

Bei nayo haina ahadi. Mwaka 2017 kilo ilipita shilingi 4,000 mnadani. Mwaka uliofuata kukawa na mgogoro na wakulima wengine wakasubiri malipo kwa miezi. Shule ya Japani haingoji mnada. Maombi ya muhula wa Aprili kwa kawaida hufungwa kati ya Septemba na Novemba, wakati gunia la kwanza ndiyo kwanza linafika ghalani. Ndipo shawishi ya kukopa kwa kuweka shamba rehani inapoingia, na ndipo panapohitaji tahadhari kubwa zaidi.

Uhamiaji hutaka pia ushahidi kuwa mdhamini ana akiba benki na kipato kinachoeleweka. Kuna mawakala hujitolea kutengeneza karatasi za benki zionyeshe fedha ambazo familia haina. Karatasi hiyo ikigundulika, jina linaloharibika ni la kijana, na ombi lake la baadaye huanza na doa hilo.

Saa 28

Maneno "soma huku ukifanya kazi" yana ukweli wenye mipaka. Viza ya masomo haimruhusu mtu kufanya kazi mpaka aombe kibali maalumu, na kibali hicho kina ukomo wa saa 28 kwa wiki. Wakati wa likizo ndefu za shule huruhusiwa hadi saa nane kwa siku. Kazi za baa na nyumba za kamari haziruhusiwi kabisa.

Kazi zinazopatikana kwa anayeanza lugha ni zile zisizohitaji maneno mengi: kuosha vyombo mgahawani, kufungasha chakula kiwandani, kupanga bidhaa usiku katika maduka yasiyofungwa, kusafisha hoteli. Vipindi vya shule ni karibu 20 kwa wiki, asubuhi au mchana, na nusu ya siku inayobaki ndiyo huwa ya kazi na ya kanji.

Mwaka 2024 wastani wa kima cha chini cha mshahara Japani ulikuwa yeni 1,055 kwa saa. Mwanafunzi anayefanya saa 28 kwa wiki, wiki nne, hufanya saa 112 na kupata yeni 118,160. Fedha hiyo inakaribia kulingana na ile anayopewa mwenye ufadhili wa shahada ya kwanza, yeni 117,000. Tofauti ni kwamba mmoja huipata akiwa mezani na kitabu, ada yake ikiwa imelipwa. Mwingine huipata kwa saa 112 za kusimama, na ada bado inamsubiri.

Kiasi hicho kinaweza kulipa chumba, chakula, simu, nauli ya treni na bima ya afya, hasa nje ya Tokyo ambako kodi ni nafuu. Bima ni ya lazima kwa mkazi wa zaidi ya miezi mitatu, nayo hubeba asilimia 70 ya gharama za matibabu. Ada ya mwaka wa pili na deni la nyumbani huwa vimebaki nje ya mfuko huo.

Anayetumaini kutuma fedha Tandahimba kila mwezi huishia kwenye jaribu la kufanya saa 40 au 50 kwa siri. Wanafunzi kutoka Vietnam na Nepal waliokwenda kwa mikopo ya mawakala wamelipitia hilo kwa wingi. Usingizi huhamia darasani, mahudhurio hushuka, shule hutoa taarifa, na uhamiaji hukataa kuongeza muda wa ukazi. Mtu hurudi bila lugha, bila cheti, na deni likiwa limekua.

Ndiyo maana familia inayomsindikiza kijana kwa wimbo wa "usitusahau" yapaswa kumwambia mapema kwamba kwa miaka miwili hatadaiwa kitu. Mwanafunzi wa lugha anayedaiwa na nyumbani hana nafasi ya kuijifunza lugha hiyo.

Chumba, chakula na ibada

Baridi ya Julai uwandani haimwandai mtu kwa Januari ya Japani, ambako kaskazini theluji hufika magotini. Vyumba vya wanafunzi ni vidogo na takataka hutenganishwa kwa siku zake: za kuungua siku moja, chupa siku nyingine. Majirani hulichukulia jambo hilo kwa uzito mkubwa kuliko kelele.

Tandahimba ina Waislamu wengi, na chakula ni swali la kweli. Nguruwe na mvinyo wa kupikia huingia katika vyakula vingi vya Kijapani bila kuonekana, kwa hiyo maneno ya kwanza ya kujifunza ni ya kusoma kilichoandikwa kwenye pakiti. Samaki, wali, mayai na mboga hupatikana kila mahali. Misikiti ipo. Wa Kobe ulifunguliwa mwaka 1935, na wa Tokyo, ulioanza mwaka 1938 na kujengwa upya mwaka 2000, hupokea waumini wa kila taifa.

Yapo pia yatakayomkumbusha nyumbani. Wajapani huchimba porini kiazi kikuu chembamba kiitwacho jinenjo, ndugu wa ming'oko ya kusini, wakakikuna na kukila na wali. Aliyekulia Tandahimba atakitambua kwa macho kabla hajajua jina lake.

Waliotangulia

Jina Makonde lilifika Japani kabla ya vijana wa leo. Katika mji wa Ise, mkoa wa Mie, kulifunguliwa jumba la makumbusho linaloitwa kwa jina hilo, kwa ajili ya vinyago vya mpingo. George Lilanga, msanii Mmakonde wa kusini mwa Tanzania aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, alipata wapenzi wengi wa kazi zake Japani. Kwa kuwa Kijapani hakina herufi l, huko jina lake huandikwa na kutamkwa Riranga.

Ise si mji wa kawaida kwa Wajapani. Hekalu lake kuu, la mbao, hujengwa upya kila baada ya miaka 20, na kazi hiyo hufanya ufundi wa seremala mzee upite mikononi mwa kijana. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013. Mtu aliyekulia karibu na wachonga mpingo angeuelewa utaratibu huo bila mkalimani.

Kwa upande wa masomo, mfano unaojulikana zaidi Afrika Mashariki ni wa Kenya. Samuel Wanjiru wa Nyahururu alipelekwa Japani mwaka 2002, akiwa na miaka 15, kusoma sekondari ya Sendai Ikuei Gakuen kwa sababu ya mbio zake. Alijifunza lugha darasani na uwanjani, akamaliza shule, akajiunga na timu ya kampuni huko, na mwaka 2008 mjini Beijing akawa Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki. Kabla yake Douglas Wakiihuri alikwenda mwaka 1983 kufundishwa na kocha Kiyoshi Nakamura, na mwaka 1987 akawa bingwa wa dunia wa marathoni.

Wote wawili walikuwa na kitu kimoja ambacho tangazo la simu halina. Kulikuwa na shule au kocha aliyewangoja, aliyejua majina yao na sababu ya kuja kwao. Hawakufika kutafuta cha kufanya.

Njia hiyo pia ina watu wanaokuja upande huu. Chuo Kikuu cha Osaka hufundisha Kiswahili kama somo kuu la shahada, na vijana wa Kijapani hukaa miaka wakihangaika na ngeli za nomino kama wetu wanavyohangaika na kanji. Kijana wa kusini akifika Japani anajua kitu ambacho wenyeji wengine hulipa ada kujifunza.

Kikao cha mjomba

Kwa Wamakonde, kama kwa Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito. Jambo la ekari 12 halipiti bila kikao chake. Mila hiyo inaweza kumlinda kijana, mradi kikao kiulize maswali yanayostahili.

Kikao kiulize kwanza: je, ameomba ufadhili wa serikali ya Japani walau mara moja? Kama hajaomba, kuuza korosho kungoje.

Pili, shule yenyewe ni ipi? Tangu Aprili 2024 Japani ina sheria mpya ya kuzithibitisha shule za lugha, na uhamiaji una orodha ya shule zinazoruhusiwa kupokea wageni. Jina la shule liandikwe, likaguliwe, na shule yenyewe iandikiwe barua pepe bila kupitia kwa wakala.

Tatu, fedha inalipwa kwa nani? Ada hulipwa kwenye akaunti ya shule, baada ya cheti cha kustahili ukazi kutoka. Shule nyingi hurudisha ada viza ikikataliwa, lakini ada ya maombi hairudi. Fedha iliyoingia kwenye simu ya wakala haina utaratibu wa kuirudisha.

Nne, baada ya miaka miwili ya lugha atakwenda wapi? Chuo cha ufundi, chuo kikuu, au nyumbani kuongoza watalii na kutafsiri? Jibu la "atajua akifika" ni sababu ya kuahirisha mwaka mmoja.

Tano, swali ambalo mara nyingi husahaulika msafiri akiwa binti. Wazee humwogopea zaidi kuliko kaka yake, na humnyima nafasi kwa hofu hiyo. Japani ni nchi ambako msichana hurudi nyumbani kwa treni usiku bila wasiwasi mkubwa. Hatari iliyo karibu naye zaidi ni deni lililotiwa saini kwa jina lake, na hiyo humpata kijana wa kiume vilevile.

Familia ikipata majibu yanayoeleweka, na ikiwa na fedha ambayo ikipotea nyumba haitalala njaa, kijana na aende. Ikikosa, hasara ni ndogo kuliko inavyoonekana. Hiragana zitajifunzwa hapahapa chini ya mkorosho, masomo ya redio hayalipiwi, na maombi ya ubalozi hufunguliwa tena mwakani. Atakayefika Narita akiwa anaweza kusoma jina lake kwa katakana na kujua tofauti ya obasan na obaasan ameokoa miezi ya ada, na shamba la mama yake bado linazaa.